Pua Yangu Kwenye Harusi ya Rukia

Aibu nyingi za maisha yangu zimeshafifia zenyewe, lakini ile ya harusi ya Rukia haifi kwa sababu iko kwenye kaseti ya video, na kila Idi hakosekani mtu wa familia wa kuitoa kabatini na kuiweka, na mimi nakaa pale pale kwenye kochi nikijitazama nikivuja pua mbele ya watu wote wa mtaa wa Alief, Houston (si wote, najua, lakini siku ile niliona kama ni wote). Zamani nilikuwa natoka nje ikifika sehemu ile. Sasa sitoki. Aibu ile ndiyo iliyonibakisha hai, na bila yake mngekuwa mmeshanisomea hitma kitambo.

Chanzo ni ujuaji wangu. Miaka hiyo nilikuwa naishi Irving, huko huko Texas, naendesha gari la kubeba abiria wa uwanja wa ndege, na siku moja nikiwa kliniki nasubiri kuitwa kwa ajili ya goti langu, nikaona ukutani bango lenye picha za pua zimepangwa kwa rangi za makamasi. Nikalisoma kwa makini kama mtu anayesomea mtihani: yaliyo kama maji, meupe mazito, ya manjano, ya kijani, ya kahawia, yenye damu, meusi, na kila moja na maana yake. Chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo, ila hapo jina langu likaitwa nikainuka na kwenda zangu. Hayo maandishi madogo mtayasikia baadaye.

Basi nikawa bingwa. Msikitini, tukishasalimiana baada ya sala, watu wananivuta pembeni.

"Mzee Mbarak, yangu ya manjano."

"Manjano ni mwili unapigana. Kunywa tangawizi."

"Mimi ya kijani."

"Hiyo ishakuwa wadudu, hiyo yataka dawa." Na Mungu anisamehe, nilikuwa nawapa vidonge nilivyobakisha kwenye dawa zangu mwenyewe, viwili kwa huyu, vitatu kwa yule, kama mgawa peremende.

"Na ikiwa kama maji tu?"

"Hiyo afya, mwanangu. Hiyo hata usiihesabu."

Jibu hilo la mwisho ndilo lililotaka kunizika.

Sasa, Rukia ni mtoto wa marehemu kaka yangu Omari. Omari aliniachia maneno machache kabla hajafa, na moja lilikuwa hili: siku ya kumwozesha Rukia, mkono utakaoshikana na bwana harusi uwe wangu. Mtoto mwenyewe alikulia Houston kwa mamake, shemeji yangu Mwanaisha, akasoma, akawa muuguzi, na alipochumbiwa na Nassor, kijana wa Kizanzibari ambaye wazazi wake wako Katy, mji wa jirani na Houston, mimi nikashona kanzu mpya na kuanza kufanya mazoezi ya kumwozesha nikiwa peke yangu garini, abiria wakishashuka.

Juma la harusi Irving ikamwagikiwa na barafu, ile nyembamba inayong'aa kama kioo usiyoiona mpaka uwe tayari uko chini. Asubuhi natoka nyumbani na begi, mlango wa gari nimeshauacha wazi, nikateleza, na katikati ya macho yangu pakakutana na ukingo wa ule mlango. Niliona nyota mchana. Damu kidogo ikatoka puani ikakatika, na kesho yake macho yote mawili yakawa meusi kwa chini kama nimepakwa wanja na adui.

Mke wangu Fatuma akasema, "Twende hospitali."

"Kwa kigongo hiki? Harusi Jumamosi, wataniweka kitandani bure."

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, nami nikachukua ya kwangu.

Siku mbili tatu baadaye pua ikaanza kutiririka, upande wa kulia. Na kichwa kilikuwa kinaniuma nikikaa, nikilala kinatulia, nikasema huo ni uchovu wa kuendesha. Fatuma akaniuliza, na hiyo pua je? Nikapenga mbele yake kwenye karatasi nikamwonyesha: "Tazama, maji matupu, rangi hakuna. Ni chavua ya mierezi tu, nusu ya Texas inapiga chafya saa hizi." Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akanyamaza. (Fatuma akinyamaza si kwamba amekubali, ni kwamba ameweka akiba.)

Tukashuka Houston. Njia nzima nachovya karatasi puani, naitupa, nachovya nyingine, mpaka tunafika Alief sanduku la karatasi limekwisha. Pale uwanja wa magari nikafanya uamuzi wangu mdogo wa pili: nikasokota kipande cha karatasi ya mwisho, nikakiziba tundu la kulia, nikakisukuma ndani kisionekane, nikajitazama kwenye kioo cha gari, nikaridhika.

Mlangoni mwa ukumbi nikapokelewa na Bwana Seif, ami yake bwana harusi, mtu wa utani mwingi, na siku ile alikuwa na mafua. Akapenga mbele yangu, na mimi (mazoea yana tabu) nikachungulia hanchifu yake.

"Bwana Seif, hiyo kijani."

"Ndiyo yakhe, sasa?"

"Sasa usikae mbele. Utamwambukiza bwana harusi. Kaa kule nyuma."

"Ami mzima wa bwana harusi nikae nyuma kwa ajili ya makamasi?"

"Kwa ajili ya afya."

Na akaenda, maskini, akakaa nyuma karibu na viatu, huku watu wanacheka.

Tukaketi kwenye mazulia, mimi na Nassor goti kwa goti, mkono wa kulia kwa mkono wa kulia, sheikh pembeni yetu. Shemeji Mwanaisha akaleta hanchifu nyeupe ya kufunika mikono, na si hanchifu yoyote, ni ile iliyofunika mikono siku yeye alipoolewa na kaka yangu, ameitunza miaka yote hiyo kwa karafuu na asumini. Sheikh akaitandaza juu ya mikono yetu. Mpiga video, baba mmoja Mkongo mwenye mwili, akasogea na kamera yake mpaka nikauona uso wangu kwenye kioo cha lenzi.

Nilipoinamisha kichwa kumtazama Nassor, nikaisikia ile karatasi imelowa, inateleza, inashuka. Nikainua kichwa haraka nikatazama dari.

Sheikh akasema taratibu, "Mzee Mbarak, mtazame bwana harusi."

"Naam," nikasema, nikiendelea kutazama feni.

"Mtazame, mzee wangu. Unamwozesha yeye, si feni."

Nikashusha kichwa. "Nimekuoza," nikaanza, na ile karatasi ikatoka yote, ikatua juu ya hanchifu, na nyuma yake yakafuata maji, si tone wala matone mawili, yalikuja kama mtu aliyesahau bomba. Nassor akayahisi mkononi, akainua macho, akadhani ninalia kwa kumkumbuka kaka yangu, na yeye akaanza kulengwalengwa na machozi, na nyuma nikasikia mtu ananong'ona, "Ami analia, masikini." Hapo ningenyamaza tu nikaonekana mtu mwenye huruma. Lakini mkono wangu wa kushoto, sijui ulitumwa na nani, ukaichomoa ile hanchifu ya marehemu juu ya mikono yetu, ukaipeleka puani, nikajifuta vizuri kabisa kulia na kushoto, kisha nikairudisha palepale juu ya mikono na kuitandaza kwa adabu kama kwamba hapakutokea kitu.

Kutoka kwenye viatu ikaja sauti ya Bwana Seif: "Kijani nyuma, maji mbele."

Watu walicheka mpaka sheikh akaufunika uso kwa kitabu. Ikabidi tuanze upya, "Nimekuoza Rukia binti Omari," na safari hii nikalimaliza neno, na Nassor akajibu "Nimekubali kumuoa" upesi upesi, nadhani aliogopa mafuriko ya pili. Shemeji Mwanaisha alikuja akaichukua hanchifu yake kwa ncha za vidole viwili. Hakunitazama.

Baadaye nikamfuata yule Mkongo kwenye gari lake. "Ndugu yangu, kile kipande kikate."

"Papa, kukata ni kazi ya juma lijalo. Kesho nimewaahidi kaseti waangalie ile nzima-nzima."

"Kikate leo."

"Papa, ile machine iko nyumbani. Harusi ni harusi, utacheka tu."

Nikamsihi mpaka nikachoka. Nawaambia kweli, kama yule mtu angenikubalia, leo mimi si wa kuhadithia.

Kesho yake mchana tulikuwa kwa Mwanaisha, maharusi wamekuja kusalimu wazee, biriani iko chini, na mimi nimeshapanga turudi Irving tukishakula. Shemeji alinisalimu kwa ukucha. Hanchifu alikuwa hajaifua, ameitundika mgongoni mwa kiti niione vizuri. Kaseti ikawekwa. Ilipofika pale, wajukuu wakabingirika chini, "Eww, Babu, gross," na Nassor mwenyewe akacheka na kuniomba radhi huku anacheka. Rukia peke yake hakucheka. Akasogea mpaka mbele ya televisheni na maua yake ya hina mkononi, akasema, "Rudisha nyuma."

Nikasema, "Rukia, mwanangu, inatosha."

"Rudisha, Nassor. Tena. Ami akitazama dari haitoki. Akiinama inamwagika. Na ni tundu moja tu." Akanigeukia. "Hayo macho yamepigwa na nini?"

"Mlango wa gari. Barafu. Kigongo tu."

"Yakikushukia kooni, yana ladha gani?"

Nikafikiri. "Chumvi chumvi."

"Kichwa kinakuuma ukikaa au ukilala?"

"Nikikaa. Lakini Rukia, ni maji matupu, hayana rangi, hiyo ni..."

"Mama, ile hanchifu iko wapi?"

Akaichukua kutoka kitini, akaikunja, akaikunjua, akaipitisha baina ya vidole, kisha akanipa. "Shika, Ami. Makamasi yakikauka kwenye kitambaa, kitambaa kinakuwaje?"

"Kinakakamaa. Kama kilichotiwa wanga."

"Hii?"

Ilikuwa laini kabisa. Imekauka, lakini laini, kama iliyolowa maji ya mvua. Nikamwona Mwanaisha naye ameigusa, na uso wake ukabadilika.

Rukia akasema polepole, kama wanavyosema wauguzi wasipotaka kukutia hofu, "Sijui bado, daktari ndiye atakayejua. Lakini maji yanayozunguka ubongo nayo ni kama maji tu. Kama kuna ufa baina ya pua na ubongo, yanashuka, na vijidudu navyo vinapanda. Usipenge tena. Usiiname. Na leo hu-drive, Ami, nipe funguo."

Fatuma hapo ndipo alipotoa akiba yake. "Nilisema hospitali," akasema, akaingiza mkono mfukoni mwangu akazitoa funguo mwenyewe.

Ilikuwa kweli. Picha ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Wakanilaza kichwa kimeinuliwa, wakisubiri uzibe wenyewe, haukuziba, basi daktari akaingia kwa njia ile ile ya puani akaupachika kiraka cha nyama yangu mwenyewe. Aliniambia ningeendelea kupenga na kujitibu, homa ya uti wa mgongo ingenifika, na watu wa umri wangu wengi hawainuki nayo. Nikamweleza habari za bango langu. Akatikisa kichwa akasema rangi ni dalili moja tu, na haitoshi peke yake: ya kijani mara nyingi ni mafua ya kawaida yanayokwisha yenyewe, wala haiombi dawa kwa rangi yake, na iliyo kama maji huenda ikawa si kitu na huenda ikawa hii yangu, inategemea imeanzaje, inatoka upande gani, imedumu kiasi gani. Nilipopona nikaenda ile kliniki nikayasoma yale maandishi madogo. Ndiyo maneno hayo hayo, yamekaa ukutani yakinisubiri.

Nawakumbuka wale niliowapa vidonge. Kila niliyemkumbuka nilimpigia simu kumwambia sikuwa najua nilichokuwa nafanya. Mmoja alinijibu, "Tulijua, mzee," na hilo lilinichoma zaidi ya sindano.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kwamba Rukia fungate yake aliimalizia kwenye kiti cha hospitali, pembeni yangu, mikono bado ina hina, na Nassor anatuletea uji kwenye chupa kutoka Katy kila asubuhi, mwendo ule wote wa foleni, bila neno. Bwana Seif akaja pia. Akasimama mlangoni, akauliza, "Mimi nilikuwa kijani, naruhusiwa?" Mafua yake yalikuwa yamekwisha, na hakula kidonge hata kimoja. Nikamwambia aje akae mbele kabisa, hapa kitandani. Nikicheka kichwa kiliniuma, naye akazidi kunichekesha makusudi.

Shemeji alikuja siku ya kutoka. Ameifua ile hanchifu, ameipiga pasi, ameirudishia karafuu. Nikadhani amekuja kunionyesha kwamba imetakata. Akaniwekea mkononi.

"Kaka yako angekupa," akasema. "Tena usiipengee."

Ninayo mpaka leo na sijaipengea. Makamasi ya mtu sijayachungulia tena, wala sitayachungulia, na anayenivuta pembeni msikitini namuuliza tu kama amegonga kichwa, kisha namwambia aende kwa wenyewe. Na kila Idi kaseti ikiwekwa, wajukuu wakianza kubingirika, anayeshika rimoti mimi ndiye ninayemwambia.

"Rudisha nyuma," nasema. "Tena."