Ubao wa Bwana Clive

Harufu ya tairi lililoungua hunipandisha hasira mpaka leo. Basi letu la wafanyakazi likisimama kwenye taa za Rashidiya, hapa Dubai, na kijana fulani mwenye gari jipya akaanza kuzungusha magurudumu ili wenzake wamwone, moshi mweupe ukipanda na ule uchungu wa mpira ukaingia puani, hujikuta nimekunja ngumi. Wenzangu hunicheka, wakidhani ninamwonea wivu mwenye gari. Hawajui kwamba harufu ile hunirudisha kwenye msimu mmoja wa baridi, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, nimeketi karibu nigusane na lami ndani ya gokati, kile kigari cha mashindano kisicho na paa wala mlango. Asubuhi zilikuwa na ukungu uliotanda juu ya mchanga, helmeti ilinibana masikio, na mikono yangu ilinuka petroli hata baada ya kuoga. Nilipenda kuinusa nikiwa kitandani.

Tuliishi International City, chumba kimoja katika nyumba tuliyochangia na walinzi wa Kiganda, jikoni tukipishana kwa zamu. Baba alikuwa msimamizi wa ghala Jebel Ali, naye ndiye aliyetutoa Machakos, mimi na Mama. Mama alikuwa yaya nyumbani kwa Bwana Clive, Mwingereza aliyekula ujana wake katika mashindano ya magari huko kwao. Si yale magari membamba kama panzi. Haya yalikuwa na umbo la gari la kawaida la kwenda dukani, ila ndani yameng'olewa kila kitu, kimebaki kiti cha dereva na nondo za kumkinga. Umri ulipoanza kumsogelea alihamia Dubai, akawa anawafundisha matajiri kuendesha kwa kasi, na wakati wa baridi anashindana hapa hapa. Mwanawe Toby tulikuwa rika moja. Mama alimlea tangu anatambaa, na mtoto yule alikuwa akila ugali kwa mkono na kusema "shikamoo" vizuri kuliko binamu zangu wa Nairobi. Mama alijua nguo zake, dawa zake na ndoto zake mbaya, lakini katika nyumba ile hakuwa na jina. Aliitwa Yaya tu.

Ukutani, kwenye ujia wa nyumba ile, ilitundikwa picha kubwa ya kona moja ya barabara. Hakuna gari lolote ndani yake, ni lami na majani mabichi na mvua. Kila mgeni alisimamishwa mbele ya picha hiyo akasimuliwa. Kwamba ilikuwa mbio ya mwisho ya msimu, Bwana Clive anaongoza, ubingwa wa Uingereza uko mkononi mwake, mara sauti ya mkuu wa timu ikamwambia kwa redio: mpishe mwenzako. Mwenzake alikuwa mtoto wa tajiri aliyekuwa akiilisha timu. Bwana Clive akatii, kwenye kona ile ile, na ubingwa haukumrudia tena maishani. Akifika hapo sauti yake hukatika na wageni huinamisha vichwa. Mama, aliyekuwa akipitisha chai, aliisikia mara nyingi hata akaimudu yote, na jioni nyumbani alituigizia: anashika kiuno, anakohoa, anafuta chozi kwa kitambaa cha sahani. Baba alicheka mpaka akalala chali. Lakini Mama hakuwa anamdhihaki kwa chuki. Akimaliza kuigiza alikuwa akisema, "Lakini kweli walimwonea, Mzungu wa watu." Na mimi nilimhurumia sana. Nilimchukia yule tajiri wa Uingereza ambaye sikuwahi kumwona.

Mimi niliingia kwenye mbio kama mtu anayejaza nafasi kwenye picha ya harusi. Mashindano ya watoto ya msimu ule yalitaka kila timu iwe na madereva wawili, na rafiki wa Toby alikuwa amerudishwa Uingereza ghafla na wazazi wake. Bwana Clive akanitazama nikiwa nimekaa juu ya tairi na chupa ya maji ya Toby, akamwambia Mama, "Huyu wako anatosha. Azunguke tu." Nikazunguka. Siku ya tatu ya mazoezi nilikuwa nimemwacha Toby, na Bwana Clive alikuwa ameacha kunywa kahawa. Nasema haki yake: alinifundisha vizuri. Alinifundisha kuitazama kona kabla sijaifikia, na kusubiri wakati wengine wanaogopa kusubiri. Alitufundisha pia kuusoma ubao, kwa kuwa watoto hatukuwa na redio. Alikuwa anasimama kwenye ukuta wa kando ya njia na ubao mweusi. Ukiona namba yako na mshale wa kuume, maana yake ondoka njiani, mwenzako apite.

Kisha kulikuwa na vyuma. Katika mbio zile mtoto mwepesi huongezewa uzito ili asimpite mwenzake kwa wembamba wake, na mimi nilikuwa mwembamba kama ufito. Wakanifungia vipande vya risasi, ile metali nzito, nyuma ya kiti. Niliposhinda mara ya kwanza wakaniongezea vingine, maana ndiyo desturi waliyoiiga kutoka kwa mbio za wakubwa: mshindi wa leo hubebeshwa mzigo kesho, ili wengine wapate kumfikia. Mama alipoelewa alisimama mbele ya fundi akashika kiuno, safari hii si kwa mchezo. "Sir, mtoto ameshinda, halafu anapewa adhabu?" Bwana Clive akacheka, akasema ndiyo haki ya mbio, na kwamba yeye mwenyewe amebeba vyuma hivyo maisha yake yote. Mama akaguna. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, aliniambia tukirudi na basi, na akanikanda mabega kwa vidole vyake vyenye harufu ya sabuni ya kufulia. Juma lililofuata nilishinda tena nikiwa na vyuma vyote.

Msimu ulipokaribia kwisha, wenye uwanja walitangaza kwamba mtoto atakayeongoza atapewa nafasi ya mwaka mzima katika timu yao, gari, mafunzo, mavazi, kila kitu juu yao. Kwa Toby hiyo ilikuwa zawadi juu ya zawadi. Baba yake angemnunulia gokati kesho yake hata angeshika mkia. Kwangu hapakuwa na mlango mwingine. Baada ya mbio ile ya mwisho timu ya wawili ingevunjwa, na mimi ningerudi kushika chupa ya maji. Nyumbani hatukuzungumza habari nyingine. Walinzi wa Kiganda waliniita "nyabo wa mbio", yaani bibi wa mbio, na kunipisha jikoni bila zamu. Baba, mtu mwoga wa maneno, alisema tu, "Endesha, mama. Na heshima iwepo." Mimi na Toby tulikuwa tumekaribiana sana kwa pointi. Atakayemtangulia mwenzake siku hiyo, nafasi ni yake.

Nilimtangulia. Tena si kidogo. Nilipoikata kona ya mwisho, mizunguko ikiwa imebaki michache, niligeuza kichwa na nyuma yangu palikuwa peupe. Toby alikuwa huko mbali anahangaika na ukungu. Nikatazama mbele, ukutani, nikauona ubao. Namba yangu. Mshale wa kuume. Nilifanya kama sijauona. Nilijisemea kwamba amekosea namba, mtu mzima huweza kukosea. Nikazunguka tena, na nilipotokea ukutani mara ya pili ubao ulikuwa juu zaidi, kwa sababu Mama yangu alikuwa amening'inia mkononi mwa Bwana Clive akijaribu kuushusha. Mama ni mfupi. Kilemba kilikuwa kimemwanguka, chupa ya Toby inamwagika miguuni pake, na yule bwana mrefu ameinua mkono kama mtu anayemnyima mtoto peremende. Madam, mkewe, alikuwa ameziba mdomo.

Nilichokiona pale si ubingwa. Niliona Mama amemshika mwajiri wake mbele za watu, katika mji ambao mtu hufutwa kazi kwa kuvunja glasi. Niliona atafukuzwa, na pengine kufanyiwa zaidi ya kufukuzwa, na njia pekee niliyoijua ya kuushusha ubao ule ilikuwa kutii. Nikainua mguu. Gari likapoa. Na sikilizeni jinsi lilivyokuwa jambo la aibu: Toby alikuwa mbali kiasi kwamba ilinibidi nimsubiri. Nilikwenda kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, mpaka akanifikia, akanipita, na hata yeye alipunguza mwendo akanitazama, haelewi. Wakampa kikombe. Bwana Clive akanipigapiga helmeti na kusema, "Umefanya kazi ya timu, binti. Ndivyo mchezo ulivyo." Kisha akamgeukia Mama, ambaye bado alikuwa anahema, akamwambia kwa upole kabisa, "Khalas, basi, Yaya. Leta sandwichi." Hakumfukuza. Hakumkaripia. Kwake lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

Toby alinijia nyuma ya gari la mafundi, kikombe kwapani, akasema kwa Kiswahili alichofunzwa na Mama, "Pole sana, Mwende." Nilimjibu asante, maana ndivyo nilivyolelewa. Huyo simlaumu, alikuwa mtoto kama mimi.

Nilidhani Mama atanikumbatia. Tulipopanda basi aliketi dirishani, na nilipomwambia nilipisha kwa ajili ya kazi yake, alinigeukia na macho ambayo sikuwahi kuyaona. "Nani alikutuma unihurumie? Kazi ya kufua ningepata hata kesho, mji mzima unafua! Wewe ile nafasi utaiokota wapi?" Abiria walitazama. Akaanza kulia, nami nikalia, na yule Mpakistani aliyekaa mbele yetu akatupatia karatasi za kufutia machozi bila kuuliza. Asubuhi yake alikwenda kazini kama kawaida, akapangusa nyumba yote, akaiacha picha moja. Madam alipomwonyesha vumbi, Mama alisema: "Madam, hiyo kona sipangusi tena. Bosi ataipangusa mwenyewe." Mwisho wa mwezi aliaga, akaenda kutandika vitanda hotelini, kazi nzito zaidi. Toby alilia getini akimwita, na Mama hakugeuka kwa sababu alijua akigeuka atarudi.

Nimejaribu kumwelewa Bwana Clive. Watu huniambia kila mzazi humpenda wake, na mnyonge hana haki, na mambo ya utotoni yaachwe utotoni. Sikubali. Angekuwa mtu asiyejua uchungu ule ningemsamehe ujinga wake. Lakini huyu aliujua kwa harufu yake, aliutundika ukutani na kuwalisha wageni wake pamoja na chai. Wahenga wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yeye hakushtuka. Aliuokota unyasi akanichapa nao, akaita mchezo. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu, na katika nyumba ile binadamu alikuwa mmoja tu.

Leo ninafanya kazi Jebel Ali, kama Baba, ila mimi napanga safari za malori yanayobeba makontena kutoka bandarini. Mama amerudi Machakos, analima maharagwe, na akinipigia simu huniuliza kama bado naendesha basi la kampuni kwa macho, maana nikikaa nyuma ya dereva mguu wangu hukanyaga breki isiyokuwepo. Juzi kampuni ilituandalia siku ya familia kwenye uwanja wa gokati. Mgeni wa kugawa medali akawa mzee mmoja Mwingereza, nywele nyeupe, mgongo bado umenyooka. Walimpa kipaza sauti. Akasimulia habari ya kona, mvua, redio. Sauti ikamkatika pale pale ilipokuwa ikimkatika zamani, na wenzangu wa ofisini, watu wazima wenye deni la nyumba, wakafuta macho. Mtoto mmoja akamuuliza kwa nini alitii. "Nilikuwa na watu wa kulisha," akasema. "Lakini usiku hadi leo naiona kona ile."

Nilikuwa nimeapa kukaa kimya. Miguu haikuapa. Nilimfuata mezani kwenye vinywaji, nikajitambulisha: Mwende, mtoto wa yaya wa Toby, niliyeendesha nao msimu ule mmoja. Akakunja uso akitafuta. Kona ya Uingereza aliikumbuka hadi majani yake. Mimi ilimbidi anichimbe. Kisha uso ukamchangamka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na naamini furaha yake ilikuwa ya kweli. "Yule mwembamba! Mungu wangu, ulikuwa na kasi wewe. Ungefika mbali sana. Sijui kwa nini uliacha."

"Nilikuwa nimeshafika, sir," nikamwambia. "Ukainua ubao."