Je, Mama Feza Ameiona?

Niseme ukweli mapema: niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya wivu. Barua ya mwaliko ilieleza kwamba mjini Kamina wataonyesha filamu fupi za watu wanaojitegemea, wasio na kampuni wala mfadhili, na kwamba moja itachaguliwa kuonyeshwa kwetu Lubumbashi, kwenye ukumbi mkubwa. Jina langu lilikuwa la pili kwenye orodha. La kwanza lilikuwa la Mwadi, binti wa Luena. Nilipokuwa mwalimu wa shule huko, mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera. Nilimwachia hata nakala ya filamu yangu ajifunzie. Leo anatangulia yeye, mimi nafuata nyuma!

Jumatano asubuhi nilipanda treni. Kituo cha Tenke tulikaa nusu siku bila kuelezwa sababu, na abiria wakashuka kusonga bukari, ugali wetu, kando ya reli. Mimi nilibaki ndani na mkoba wangu, nikiombea Mwadi akose treni.

Luena, siku ya pili, hakuikosa. Aliingia na bibi watatu, masufuria, mikeka na kicheko. Bibi hao huokota makaa ya mawe yaliyobaki kwenye migodi ya zamani, na filamu yake ilikuwa juu yao.

"Prof! Weye pia uko unaenda Kamina?" akaniita. "Ba mama, huyu njo prof yangu, njo alinifundisha."

Bibi mmoja alinipa mkono mweusi kwa makaa, akasema, "Mutoto yetu anakusifiaka sana." Hata sifa hiyo ilinichoma. Mimi sijawahi kuitwa mtoto na mtu niliyempiga picha.

Bukama, saa tisa alasiri, treni ilisimama. Hapo ndipo nilipotengeneza filamu yangu, miaka mitatu iliyopita. Ni dakika tisa za Mama Feza, muuza samaki wa kukaushwa, siku aliyofunga duka la marehemu mumewe. Anashusha mizani ukutani, analia. Nilichukua machozi yale nikaenda zangu. Sikurudi tena.

"Prof, haushuke kusalimia Mama Feza?" Mwadi akauliza.

"Nachunga mizigo," nikajibu, nikajifanya nasinzia. Yeye akashuka mbio, na filimbi ilipolia akarudi na samaki wawili.

Kamina, mwenyeji wetu alikuwa Papa Kasongo, karani mstaafu wa shule ya Wamethodisti, mtu wa tai na viatu vilivyopakwa rangi. Jumamosi saa nane mchana alifunika madirisha ya darasa kubwa kwa mablanketi ili kupata giza, akawasha jenereta, akaomba sala fupi.

Filamu ya Mwadi ilianza. Niliitazama kama mtu anayetafuta mchanga ndani ya wali, nikitaka nipate kasoro. Kisha ikaja picha moja: bibi anapangusa vumbi la makaa kwenye miwani yake, taratibu, anaivaa, anatuangalia. Basi. Niliitamani picha ile iwe yangu hadi meno yakaniuma.

Taa zilipowashwa Papa Kasongo akaita, "Bantu ba mu filme basimame!" Kumbe huo ndio utaratibu wao. Bibi watatu wakasimama, na darasa zima likawaimbia. Moyo wangu ukawa mchungu kama kwinini.

Yangu ilipoonyeshwa, nyuma nikasikia mama mmoja akilia. Nikavimba kifua. Ndipo Papa Kasongo akanigeukia.

"Bon. Huyu mama mwenye analia, yeye iko wapi?"

"Bukama, Papa. Hakuweza kuja."

"Mais aliiona? Apa kwetu, kama mwenye sura hajaiona, filme haitoke kwenda mbele. Ni kama ulimuiba."

Nilijua Lubumbashi ilikuwa ikiniponyoka. "Aliiona," nikasema. "Alilia tena."

Mwadi alinitazama. Nikangoja aniumbue, maana alijua sijakanyaga Bukama tangu siku ile. Akasimama, akasema polepole, "Ni kweli, Papa. Aliiona."

Watu wakainua mikono kupiga kura. Yangu ikachaguliwa.

Jioni ile nilimchukia kuliko siku zote. Kunishinda kwa kamera nilikuwa nimeanza kuzoea. Sasa alikuwa amesema uongo kwa ajili yangu, mbele ya bibi zake, na mimi ningebaki chini ya wema huo maisha yangu yote. Sikumuaga.

Jumatatu, wakati wa kurudi, nilishuka Bukama. Njia ya mwongo ni fupi, na nilitaka kuurekebisha uongo wangu kabla haujanifikia nyumbani. Mama Feza alikuwa akipanga samaki hatua chache kutoka kituoni. Nikamwamkia, nikatoa simu, nikamwonyesha filamu.

Hakumaliza hata dakika moja. "Ah, iyi? Iyi nilikwisha kuiona, mwana yangu! Mwadi alinileteaka, mwaka jana. Alisema prof yake njo alimutuma, juu miye nikuwe wa kwanza kuiona. Nililia, nikamuona bwana yangu mu ile mizani." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti kumutuma."

Kumbe darasani Kamina mwongo alikuwa mmoja tu.

"Sikumtuma, Mama," nikasema. Akauachia mkono wangu, akaendelea kupanga samaki.

Nimefika nyumbani, na nimemwandikia Papa Kasongo ukweli wote, nikimwomba ailete Lubumbashi filamu ya Mwadi. Msidhani wivu umeniisha. Nimejifunza tu nimwonee wivu kwa jambo gani. Zamani nilimwonea wivu kwa kamera yake. Sasa namwonea wivu kwa hatua zile chache kutoka kituoni hadi kwa Mama Feza, ambazo yeye alizitembea, na mimi nilikuwa ndani ya treni nikichunga mizigo.