Bwana Harusi Aliyevuka Mstari wa Vita

Nilikwenda Kisangani kumwozesha mtu ambaye hakuwepo. Papa Kambale, mtu wetu wa Kivu ya Kaskazini anayeuza vitambaa kule, alikuwa ametengeneza filamu ya mapenzi kwa pesa za faida ya duka lake. Ilibaki harusi tu. Dido, bwana harusi, aliteremka mto kwenda Basoko kuwaona ndugu zake, na nyuma yake vita ikaufunga mto. Miaka ile filamu nyingi za Kongo zilikufa hivyo, mwigizaji upande mmoja na kamera upande mwingine. Mimi nilikuwa na kompyuta na mdomo mrefu. Habari iliponifikia, nikamjibu Papa Kambale, "Nitamleta mimi."

Goma, asubuhi, nilipanda ndege ya mizigo. Nilikaa juu ya magunia ya maharage, kompyuta mapajani imeviringishwa blanketi. Rubani akaniuliza kama mtoto anaumwa. Nikamwambia ni bwana harusi.

Pale Bangboka, uwanja wa ndege wa Kisangani, Papa Kambale alinipokea na toleka mbili, zile baiskeli za abiria, tukaenda moja kwa moja dukani. Alinionyesha picha za Dido walizorekodi kabla hajaondoka. Alikuwa anacheza juu ya miti ya mitego ya samaki, kwenye maporomoko, na nyuma yake anga tupu. Nilifurahi mno! Kompyuta unaiambia iondoe buluu yote: anga linatoka, mtu anabaki, unamweka unapotaka. Tukamrekodi Nadine, bibi harusi, uani parokiani, akicheza kando ya nafasi tupu.

Siku ya kuwaunganisha alikuja dukani Mama Vero, mama yake Dido, wa familia za wavuvi wa maporomoko. Tangu mto ufungwe hakuwa amesikia neno la mwanawe. Nikabonyeza kwa maringo. Anga likatoka. Shati la Dido nalo likatoka, maana lilikuwa la buluu. Kikabaki kichwa kinachocheka, mikono, suruali, na katikati shimo linaloonyesha ukuta wa parokia.

Mama Vero akashika kichwa. "Kifua ya mutoto yangu iko wapi? Munanificha nini? Amekufa?"

"Hapana mama, ni mashine tu..."

"Mutu muzima haiko na tundu!"

Kiburi chote kilinitoka. Nilitamani magunia ya maharage yanirudishe Goma. Papa Kambale yeye alikuwa analipima lile shimo kwa macho, kama anayempima mteja mnene.

"Bon. Bibi na bwana harusi banavalaka liputa moja, si vile? Alors, tumuvalishe."

Akateremsha rafuni liputa, kitenge kilekile alichovaa Nadine, akakishika mwenyewe mbele ya kamera na kukitikisa kwa mwendo wa ngoma. Nikalijaza shimo kwa kitenge hicho, picha moja baada ya nyingine, mpaka macho yakaniwasha.

Jumapili, baada ya misa, ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Dido akaingia kwenye televisheni akicheza, sare na bibi harusi. Watu wakasimama. Mama Vero alipiga vigelegele, akaenda kucheza mbele ya mwanawe.

"Muone mutoto yangu! Vita ilifunga fleuve, lakini ye amepita!"

Nililia, na sioni haya kusema.

Siku ya kurudi, Mama Vero aliniletea samaki wakavu. Alikuwa amenunua kitenge kile na kumpelekea fundi akishone shati la Dido. "Akirudi, batu basiseme ilikuwa uongo ya mashine."

Tangu hapo, kuanzia Kisangani hadi Goma na Bukavu, watengenezaji filamu humrekodi kila mwigizaji peke yake kwanza, mbele ya anga au kitambaa, njia isije ikafungwa. Wengine hutumia kompyuta kuwasha moto na kuangusha majumba. Sisi moto tulikuwa nao wa kutosha. Tulijifunza kuitumia kukusanya watu.

Mto ulipofunguliwa, Dido alipanda kutoka Basoko, amekonda. Papa Kambale alikuwepo bandarini. Aliniambia Mama Vero alimvalisha mwanawe lile shati la kitenge palepale, kabla ya salamu. Lilimpwaya. Akampapasa kifua, mara mbili, akageukia watu.

"Iko," akasema.