Taya la Bi Plasta

Bi Plasta aliwadharau watu wote wa jengo lile la hospitali bila upendeleo, kuanzia mlinzi wa getini mpaka daktari bingwa. Mlinzi alimwona mvivu. Wauguzi aliwaona wambea. Wanafunzi wa udaktari, waliokuja kila muhula na makoti yaliyopigwa pasi na mama zao, aliwaona watoto wa nepi. Na wagonjwa wa kitengo chao, kitengo cha upasuaji wa taya na uso, ndio kabisa aliwaona watu waliokosa kazi ya kufanya. Mtu mzima na akili zake anakuja kukatwa mifupa ya uso ili isogezwe mbele kidogo au nyuma kidogo. Si angevaa mtandio, alikuwa akisema, halafu anafyonya.

Yeye alikuwa fundi wa jasi. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini, kati ya stoo ya mashuka na choo ambacho mlango wake haukufungika tangu enzi za daktari aliyepita. Humo alikaa na sinki lililoziba kwa jasi, msumeno mdogo, na rafu tatu za mataya meupe ya watu asiowajua. Kila mgonjwa kabla ya kukatwa alichukuliwa umbo la meno yake, juu na chini. Bi Plasta alimimina jasi, akayafunga mataya yale kwenye chuma chenye bawaba kinachofunguka na kufungika kama kinywa, akayakata kwa msumeno kama daktari atakavyomkata mgonjwa mwenyewe, akayasogeza kama alivyoagizwa. Mwisho alitengeneza kibao chembamba cha plastiki chenye vishimo vya kila jino. Hicho ndicho kilichopelekwa chumba cha upasuaji. Taya la juu ndilo hukatwa kwanza, na likishakatwa linabaki linaning'inia kama mlango uliong'oka, na ni kibao kinachosema likae wapi. Meno ya juu yanaingia vishimo vya juu, ya chini vishimo vya chini, parafujo zinakazwa, kwisha. Kwa hiyo anayepanga uso wa mtu, ukimuuliza Bi Plasta, ni Bi Plasta. Yule wa kisu ni seremala tu.

Siri yake niiseme sasa hivi, maana yeye mwenyewe hakumwambia mtu kwa miaka thelathini na moja. Alikuwa na taya fupi la chini. Fupi hasa, la kumfanya mtu aonekane amemeza kidevu chake. Alipokuwa na miaka kumi na sita alisimama mbele ya kioo, akalisukuma mbele, akaona kidevu kinatokea, na kuanzia siku ile hakuliachia tena mbele ya watu. Ukishikilia taya hivyo, shingo nayo inanyooka na kichwa kinapanda, unapata sura ya mtu anayenusa harufu mbaya. Watu wakasema anaringa. Yeye akawaacha waseme, na baadaye akaringa kweli, kwa sababu sura alikuwa nayo tayari.

Alikula peke yake. Jioni masikio yalimuuma na mashavu yakakakamaa. Aliwahi kuolewa, miezi minne. Asubuhi moja aliamka akamkuta mumewe ameegemea kiwiko anamtazama, taya limerudi lilikotoka, na yule bwana akacheka kicheko kifupi, akauliza yule aliyemposa yuko wapi. Bi Plasta alimdharau mpaka kesho. Lakini hakumlaza mtu mwingine chumbani mwake.

Na usiniulize kwa nini yeye, aliyekuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya tiba yenyewe, hakujitibia. Alijiambia ni upuuzi wa watu wasio na kazi. Aliyakata mataya ya jasi zaidi ya mia sita akisema ni upuuzi.

Daktari bingwa walimwita Bwana Milimita, kwa sababu ya rula ndogo ya chuma aliyoibeba kwenye mfuko wa juu wa koti, ambayo hata chai alikoroga nayo. Alikuwa na mikono mizuri, hilo Bi Plasta alilikubali kwa shingo upande. Lakini alijiona. Alitembea na wanafunzi sita nyuma yake kama bata na vifaranga, na fundi wa jasi alimwona sawa na ndoo ya jasi. Salamu yake ilikuwa kuweka kazi mezani na kusema lini anaitaka.

Jumatatu moja aliweka kazi, akasema anaitaka Alhamisi. Mataya ya binti mmoja mshonaji, miaka ishirini na saba. Taya la chini fupi. Akilala anakoroma, anakabwa, anaamka anatafuta hewa, na mchana anasinzia juu ya cherehani mpaka alishajishona kidole. Hata uzi hakuweza kuukata kwa meno ya mbele, hayakutani. Pamoja na mataya kulikuwa na kipande cha nta alichoking'ata, kinachoonyesha meno ya juu na ya chini yanavyokutana.

Bi Plasta akaweka nta katikati, akafunga mataya kwenye chuma chake, akatazama. Akabetua midomo. Akainama karibu.

Meno yakisagana kwa miaka, yanalika mahali yanapokutana, yanabaki na mabapa madogo yanayong'aa, na mabapa ya juu yana wenzao chini. Ya binti huyu hayakuwatazama wenzao. Akaitoa nta, akayaacha mataya ya jasi yatafutane yenyewe, bapa kwa bapa. Taya la chini likateleza nyuma milimita saba, likatulia, limefika kwao. Bi Plasta alikaa chini. Hakuhitaji kufikiri. Yule binti analisukuma.

Na maana yake aliijua. Mtu akipigwa nusu kaputi, misuli yote inalegea, taya la chini linarudi nyuma lilikozoea. Kibao kilichotengenezwa kwa nta ya uongo kitalivuta taya la juu lifuate hukohuko nyuma, milimita saba, na parafujo zitakazwa hapo. Binti alikuja kwa sababu anakabwa usingizini. Ataamka na uso uliobonyea katikati na njia ya hewa nyembamba kuliko aliyokuja nayo, na hiyo ni kama ataamka.

Alipanda ghorofani Jumanne na chuma chake mkononi, jambo asilolifanya hata mara moja kwa mwaka. Bwana Milimita hakuinua macho. Picha ya eksirei, akasema, inasema sawa na nta. Mgonjwa mwenyewe akiambiwa ang'ate anang'ata vilevile. Bi Plasta akamwambia hata hiyo picha binti amepigwa akisukuma, mtu hasukumi kwa daktari halafu akaachia kwa mpiga picha. Yule bwana akatabasamu lile tabasamu la kumwonea huruma mjinga.

"Mama, wewe kazi yako jasi. Taya la mtu aliye hai niachie mimi."

Alishuka ngazi. Kwa nusu saa, na hili ni kweli, alifikiria kumtengenezea kibao kama alivyotaka. Amkate. Akosee mbele ya vifaranga wake, rula mkononi. Aone wapi atauweka uso wake. Lilikuwa wazo tamu, na lilimtoka tu alipotazama tena yale mabapa madogo yanayong'aa juu ya meza, akajua aliyeyasaga ni nani na usiku wa namna gani.

Jumatano asubuhi alikwenda wodini. Mshonaji alikuwa amekaa kitandani na shangazi yake, shingo imenyooka, kidevu mbele, anamtazama kila anayepita kana kwamba hajafua. Wauguzi walishasema binti mwenyewe ana maringo. Alimwamkia Bi Plasta shikamoo bila kufungua mdomo sawasawa. Bi Plasta akaitikia marahaba, akamwomba shangazi awapishe, akakaa.

Alimwambia ang'ate. Binti akang'ata, mbele. Alimwambia aachie. Binti akasema ameachia. Alimweleza yote, kibao, nusu kaputi, pumzi, na binti akasikiliza huku machozi yanamlenga, lakini taya halikusogea hata unywele.

"Nikiachia watanicheka," akasema. "Daktari alishaniona hivi. Nitamwambia nini, kwamba nilikuwa namdanganya?"

Bi Plasta alimwona mpumbavu. Alimwona mpumbavu kuliko wapumbavu wote aliowahi kuwaona, mtu wa kufa kwa sababu ya aibu ya kidevu. Hasira zilimpanda mpaka akasahau kwamba mashavu yake mwenyewe yalikuwa yamekaza kama ngoma, kama kila asubuhi. Alipokumbuka, aliyagusa kwa vidole.

Hapo ndipo mlango ukafunguka, akaingia Bwana Milimita na vifaranga. Akamkuta fundi wa jasi kwenye kiti cha mgonjwa wake. Akawageukia wanafunzi, akawaambia kwamba katika kazi hii watakutana na kila aina ya msaada, mpaka wa mafundi bomba. Wakacheka, kama walivyofunzwa. Akamwambia binti ang'ate. Binti akang'ata, mbele, safi kabisa. Akachomoa rula, akapima, akaitaja namba, namba ileile ya kwenye faili, akamtazama Bi Plasta.

Bi Plasta angeweza kuondoka. Alishafika hata kusimama. Aliwatazama wote mmoja mmoja, yule bwana na rula yake, watoto wa nepi na madaftari yao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyestahili kuona alichotaka kuwaonyesha. Angekwenda akafunga mlango wake, akasema yeye alishawaambia. Kesho saa tatu wangemsukuma binti kwenye kitanda cha magurudumu.

"Nitazameni mimi," akasema.

Akaliachia.

Halikwenda haraka. Miaka thelathini na moja misuli haijui njia nyingine mchana. Lilirudi kidogo, likakwama, akafumba macho, likarudi tena, na kidevu kikaondoka usoni pake mbele ya watu saba na binti mmoja. Shingo ikajikunja chini yake. Mdomo wa chini ukaingia nyuma ya meno ya juu. Mwanafunzi mmoja alicheka, kicheko kifupi cha mshtuko, kilekile cha yule bwana wa miezi minne. Bi Plasta alikisikia na hakuurudisha uso wake.

 Bwana Milimita, na hapa ndipo utamjua mtu, akamsogelea na rula. Hakuomba ruhusa. Akampima kama anapima dirisha, akasema kwa wanafunzi milimita nane, mfano mzuri sana, andikeni. Wakaandika.

Lakini binti hakuwa anamtazama daktari. Alikuwa anamtazama Bi Plasta, mdomo wazi. Polepole, kama mtu anayeweka chini ndoo aliyoichota mbali, naye akaliachia lake.

Milimita saba. Bwana Milimita alipima mara mbili. Kisha akawaambia wanafunzi kwamba hali hii yeye siku zote huitilia shaka kwa wagonjwa wa namna hii, na ndiyo maana hupenda kurudia vipimo. Walimwamini. Wangemwamini hata angesema yeye ndiye aliyemzaa binti.

Upasuaji ukasogezwa wiki moja, na nta mpya ikaletwa na maji moto. Daktari alipojaribu kuichukua, binti akasukuma tena bila kujua. Akaambiwa aachie, akasukuma zaidi. Akajaribu mara tatu, akaanza kupandisha sauti, mpaka binti akasema achukue mama huyu.

Bi Plasta akakaa mbele yake na nta. Wakagundua jambo moja. Kila Bi Plasta alipojisahau na kulirudisha taya lake mbele, binti naye alilirudisha. Alipoliachia, binti aliachia. Hakuna aliyelisema. Basi Bi Plasta akakaa hivyohivyo, goti kwa goti na yule binti, kidevu hakipo, mate yanamchuruzika pembeni ya mdomo na mikono yote miwili imeshika nta hawezi kujifuta, wanafunzi sita wamesimama juu yake, mpaka nta ikalainika, ikang'atwa, ikapoa, ikaganda.

Akaitoa. Akaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nta nzuri, na hakuna pale aliyeweza kuichukua vizuri zaidi, na alijua hivyo.

Binti akapangusa mdomo wake kwa kona ya khanga, halafu akainuka akampangusa na Bi Plasta wake.

"Na wewe, mama," akauliza, "watakufanyia lini?"

Chumba kizima kikamgeukia. Bwana Milimita alikuwa bado na rula mkononi. Bi Plasta akafungua mdomo atoe jibu la kuwakata maini wote, majibu hayo hakuwahi kuyakosa hata siku moja.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Naogopa."