Nimeisingizia linka, magimbi yakanisuta

Leo nimeishtaki programu isiyo na kosa, tena mbele ya wenzangu wote wa kazi.

Nilikuwa naijaribu linka, ile inayounganisha vipande vya programu kuwa kitu kimoja. Nilitegemea ivipange kwa majina.

Yenyewe ikatanguliza vikubwa!

Nikaandika kwenye grupu: "Linka mbovu hii."

Pembeni yangu mama, kashuka jana kutoka kijijini Vudee, milimani, anafunga boksi la kumtumia dada Dar kwa basi. Magimbi chini, tangawizi zinajazia mianya.

"Mama, mbona unaanza na makubwa?"

"Nikianza na tangawizi, magimbi utayabeba wewe kichwani?"

Nikasoma mipangilio niliyoweka mwenyewe. Vikubwa kwanza, kuokoa nafasi. 🙈

Nikatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu: "Jamani, naomba radhi kwa linka."

Sasa mama anauliza huyo Linka ni binti wa nani, amfungie magimbi.

Nimjibuje?