Njia mbili za mawasiliano, mdomo mmoja: asubuhi tuliyokaribia kupeleka boti Ruvuma

Wakuu, habari za humu ndani. Mlio wadogo kwangu, na nadhani ni karibu wote, marahaba hata kama hamjaniamkia.

Ninayosimulia yalinipata mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, hedifoni masikioni. Majina ya watu nimebadilisha na ofisi sitaitaja. Mengine yote yako kama yalivyokuwa, na pale niliposahau nitasema nimesahau.

Aliyenichokoza ni mjukuu wangu. Juzi alinifungulia akaunti fulani ya mtandaoni, akajisifu: "Bibi, hii hawaiwezi. Code inakuja kwa SMS, inakuja kwa email, inakuja na WhatsApp. Njia tatu!"

Nikamuuliza, hizo njia tatu zinaingilia wapi?

Akanionyesha simu yake ileile moja, yenye kioo kilichopasuka.

Nilicheka. Halafu kicheko kikanikatikia, maana nilikumbuka Mtwara.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Mimi ni Mngoni wa Songea, nilifika Mtwara kumfuata mume wangu Gervas, Mngoni mwenzangu. Yeye alikuwa dresa, ndivyo tulivyowaita wale wafunga vidonda wa hospitali. Tulipanga chumba mtaa wa Rahaleo. Asubuhi yeye anaelekea hospitali, mimi naelekea ofisini.

Kazi yangu ilikuwa opereta. Vijana, opereta wa siku hizo si mtu wa kubonyeza kioo. Nilikuwa na ubao wa simu mbele yangu, wenye matundu na nyaya za kuchomeka, na mkono wa kukoroga ili kengele ilie upande wa pili. Pembeni, juu ya meza hiyohiyo, kulikuwa na redio kol ya kuongea hewani. Mtu mmoja, njia mbili.

Ng'ambo ya mto Ruvuma kulikuwa na vita. Wenzetu walikuwa wanapigania uhuru wao, na waliokimbia mapigano walikuwa wanavuka kuja kwetu, wengine na majeraha mabichi. Ofisi yetu ilikuwa na boti ya injini iliyokuwa inatoka Mtwara kwenda kuwachukua karibu na mdomo wa mto. Dresa alilazimika kuwemo ndani, na mara nyingi dresa huyo alikuwa Gervas.

Sasa elewa hofu yangu ilipokaa. Boti ikienda siku mbaya, inaingia mikononi mwa askari wa wakoloni wa upande wa pili. Iliwahi kutokea kwa watu wengine, na hawakurudi.

Kwa hiyo kulikuwa na sheria. Boti haing'oi nanga mpaka habari kwamba mto uko salama ije kwa njia mbili: kwa redio, na kwa simu ya waya. Ukisikia kwa njia moja tu, unakaa.

Sheria nzuri sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nalala usingizi kwa sababu ya sheria hiyo.

Waya wa simu ulikuwa unatoka kwetu mpaka Madimba, Madimba hii hii mnayoijua leo kwa gesi, halafu unaendelea mpaka kituo chetu cha mtoni. Pale Madimba alikuwepo Saidi, mwenyeji, Mmakonde wa kusema 'ntu' badala ya 'mtu', mpole na msaidizi kupita kiasi. Kule mtoni alikuwepo Kihwele, Mhehe kutoka Iringa.

Sasa Kihwele na mimi ni watani. Mngoni na Mhehe wakikutana bila kutukanana, ujue mmoja anaumwa. Mimi namwita mla mbwa. Yeye ananiambia babu zangu walikimbia kutoka Afrika Kusini, na wasingechoka miguu tungekuwa Misri.

Shida ni kwamba ukutani kulibandikwa amri: hewani hakuna salamu, hakuna majina, hakuna mzaha. Ng'ambo wana redio na wanasikiliza. Sisi tuitwe Korosho, kituo cha mtoni kiitwe Muhogo, basi. Sema ujumbe, ondoka.

Nikiri tu kwamba Kihwele amri hiyo ilimpita pembeni. Kila siku mwisho wa ujumbe alikuwa anachomeka kaneno kake, halafu anafunga haraka. Bosi wetu, mzee mmoja wa Tanga mwenye adabu zake, alimwandikia onyo na bado hakuacha.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Jana yake ilinyesha mvua yenye upepo, na asubuhi mji ulikuwa umejaa matawi. Gervas alikwenda gatini mapema na sanduku lake la dawa. Tulikuwa tumepata habari kwamba kuna kundi la watu limevuka na linangoja kwenye mikoko, kuna majeruhi, na kuna mama mwenye uchungu wa kujifungua. Bosi hakuwa na utulivu. Anaingia, anatoka, anatazama saa, anasema maji yatakupwa na boti itashindwa kuingia.

Redio ikalia.

"Korosho, hapa Muhogo. Mto uko wazi. Boti ije. Narudia, boti ije."

Kiswahili safi. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini redio zile zote zilikuwa na mikwaruzo. Nikajibu nimepata, sauti ikafunga.

Nikamwita bosi. Akauliza kitu kimoja tu: "Na simu?"

Nikakoroga. Madimba wakapokea, ni Saidi.

"Dada, salaam aleikum. Ehee, nimepata, ntoni shwari kabisa. Boti ije."

Bosi alisikia nilivyorudia maneno hayo, akapiga viganja, akachukua kofia. Njia mbili zimekubaliana. Akatoka kwenda kwenye Land Rover ili apeleke amri gatini.

Wakuu, mpaka hapo hakuna aliyekosea. Hebu rudi usome tena uone. Kila mtu alifanya kama kitabu kinavyosema.

Mimi nilikuwa bado nina Saidi kwenye waya. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, kwa sababu siku ilikuwa haijakamilika bila tusi: "Na yule mla mbwa amesemaje leo?"

"Ah, sijaongea naye, dada. Waya wa ntoni umekatika tangu jana, nti umeuangukia. Habari hii nimeidaka hapa kwenye redio yangu ndogo. Nikasema dada asihangaike, nimthibitishie."

Asihangaike!

Ngoja niwaeleze, maana Saidi msimlaumu. Ndivyo tulivyofanya kazi sote. Waya ukikatika, mwenye redio anamsemea mwenzake. Betri ya redio ikiisha, mwenye simu anabeba ujumbe. Mtu akikupigia kuuliza, kumjibu "sijui" ilikuwa kama kumfungia mlango. Tulikuwa tunasaidiana, na tulijivunia hivyo.

Ila siku hiyo msaada ule ulikuwa umeifuta sheria yetu. Simu haikuthibitisha redio. Simu ilikuwa redio ileile, imepitia kwa Saidi ikarudi kwangu na salaam aleikum.

Nilichomoa waya nikakimbia uani.

Land Rover ile, Mungu aibariki, ilikuwa haiwaki bila kubembelezwa. Dereva alikuwa bado anaikoroga kwa mbele. Nikamwambia bosi yote, nikiwa nahema.

Hakunifokea. Lakini pia hakushuka.

"Bibi Gervas," akasema, "kule kuna mwanamke anazaa kwenye matope. Maji yakishatoka, leo hakuna tena boti. Ukiniambia nisiende, uniambie kwa nini. Waya kukatika si sababu ya mto kuwa mbaya."

Na alikuwa na haki! Nikizuia boti na kumbe habari ni ya kweli, nimewaacha wale watu wafe. Nikiiachia na kumbe ni ya uongo, mume wangu yumo.

Nikamwambia anipe muda wa gari kuwaka. Nikarudi ndani.

Nikatazama ile amri ukutani. Hakuna salamu, hakuna majina, hakuna mzaha. Ndiyo iliyotufikisha hapo, maana nilikuwa sina namna ya kujua anayesema ni nani. Jina Muhogo lilikuwa limeandikwa kwenye kadi, na kadi ilikuwa inaning'inia kwenye redio yenyewe kule mtoni. Yeyote mwenye redio alikuwa Muhogo.

Nikabonyeza.

"Muhogo, hapa Korosho. Leo mmepika nini huko? Yule mbwa wa jirani mmeshammaliza, au mmebakiza mkia?"

Kimya.

Nje nasikia gari linakohoa.

Kimya kikaendelea, mikwaruzo tu. Nilikuwa naomba kwa sauti, sioni aibu kusema. Nitukane, Kihwele. Baba, nitukane.

Halafu ile sauti ikarudi, taratibu, na heshima zote:

"Asante, Korosho. Sisi wazima. Boti ije."

Nilihisi baridi mwili mzima, na Mtwara haina baridi.

Nilipogeuka, bosi alikuwa amesimama mlangoni. Sijui aliingia saa ngapi. Gari lilikuwa limewaka, linanguruma uani. Akasema polepole, kama anajisemea: "Mhehe huyo tangu lini akasema asante?"

Akatoka akamwambia dereva azime.

Msifikiri hapo nilipumua. Yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Bosi alituma ujumbe gatini kwamba boti isubiri, akampigia mkubwa wake, na mimi nikabaki na ubao. Mawazo yananila. Labda Kihwele anaumwa na kuna mtu anamshikia zamu. Labda ameonywa tena na leo ameamua kufuata amri. Kuna watu watakufa kwenye mikoko kwa sababu opereta mmoja hakutukanwa! Utamwelezaje mtu jambo kama hilo?

Maji yakapwa. Boti ikakaa pale pale.

Mchana nilishindwa kula. Mwenzangu wa ofisini aliniletea maandazi kutoka mtaa wa Chikongola, yakapoa mezani.

Alasiri kifuniko cha Madimba kikadondoka kwenye ubao, ishara kwamba wanapiga. Nikachomeka.

"Dada," ni Saidi, sauti haina utulivu, "kuna ntu wako hapa."

Kukawa na kelele za kupokezana simu. Kisha mtu anahema.

"We Mngoni. Leo nimekimbia kama babu zako."

Nililia. Nililia hedifoni ikiwa kichwani, na yeye upande wa pili ananiuliza unalia nini, mjinga wewe.

Wenye bunduki walikuwa wamefika kituoni alfajiri. Yeye na mkewe walitokea mlango wa nyuma wakaingia kwenye mikoko, wakapita kwenye matope mpaka kiunoni, halafu wakatembea mpaka Madimba. Redio waliiacha mezani. Na kadi ikining'inia.

Gervas alirudi nyumbani jioni na hasira. Tumeshindishwa juani bure, akasema, ofisi yenu haijui kupanga mambo. Nikamwambia kaa ule. Nilimweleza baadaye, aliposhiba.

Wale watu walitolewa na askari wetu kwa njia ya nchi kavu, siku iliyofuata. Yule mama alijifungulia kwenye mikoko, akapona yeye na mtoto. Mzee mmoja aliyekuwa na jeraha la tumbo hakufika. Alikufa akingoja. Pengine hata boti isingemwokoa, sijui. Namkumbuka mpaka leo, na jina lake sikuwahi kulipata.

Baada ya siku hiyo bosi alibandua ile amri ukutani. Akaandika nyingine: anayetoa habari aseme ameipata wapi, kwa macho, kwa waya au kwa redio. Chini yake, kwa mkono, akaongeza kwamba opereta wa Songea na wa Iringa wanaruhusiwa kutukanana. Mtu wa Tanga yule, na adabu zake zote.

Gervas tulimzika Songea, miaka imepita. Kihwele alikuja kutoka Iringa akitembelea fimbo. Jeneza lilipotolewa nje alijitupa njiani, kama watani wafanyavyo msibani, akazuia msafara, akapaza sauti: "Nilijua tu! Mngoni amekimbia tena, na safari hii hajaaga!" Watu walicheka huku machozi yanatoka, na mimi nilicheka kuliko wote. Ilibidi wajukuu wamwinue.

Sasa somo, kwa wale mnaopenda kuruka mpaka mwisho.

Mtu akikuambia system yake ina backup tatu, usihesabu njia. Fuata kila njia mpaka inapoanzia. Zikikutana kwenye kadi moja, simu moja, au mdomo wa mtu mmoja mwenye nia njema, basi una njia moja iliyovaa nguo tatu. Na sisi watu wa kusaidiana ndio tunaoumia zaidi, kwa sababu tunathibitisha ambayo hatujayaona, ili mwenzetu asihangaike. Angalieni magrupu yenu ya WhatsApp mniambie kama nasema uongo.

La pili, password huibiwa, kadi huachwa mezani. Mwenye nayo anakuwa wewe. Lakini yule mtu wa ng'ambo, pamoja na redio yetu na jina letu, hakujua kwamba pale palitakiwa tusi.

Mjukuu wangu nimempa neno letu. Akinipigia ana shida, au mtu akinipigia kwa sauti yake, kuna jambo nitamuuliza na kuna namna ya kunijibu vibaya. Akinijibu kwa adabu nakata simu.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kubisha wabishe, mafundi wa mitandao mnisahihishe. Na kila mmoja ajiulize kabla hajaandika: mtu wako wa karibu akinyang'anywa simu leo, na mwenye kuinyang'anya akakuandikia vizuri kabisa, utamjulia wapi?

Wahehe mliomo humu, nasubiri matusi yangu. Tangu Kihwele afariki, simu yangu imejaa watu wa heshima tu.