Alama ya Gumba la Fulcrand

Watu wa hapa wamenisumbua wiki nzima: andika, Bibi Zélie, andika habari za shemeji yako. Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kufungua chaza, na mkono uliozoea kisu hauipendi kalamu. Lakini nikikataa, ataandika mtu wa mjini Montpellier asiyejua hata harufu ya maji yetu. Haya basi.

Fulcrand Azéma alimwoa mdogo wangu, Léocadie. Alikuwa mkulima wa chaza hapa Bouzigues, mtu mfupi, mkaidi kama mimi, ndiyo maana hatukupatana. Kamba ya mashua ilimkata kidole gumba cha kulia, kikabaki nusu. Chaza wetu tunawabandika kwenye kamba kwa saruji, mmoja mmoja, kisha tunawaning'iniza ziwani, kwenye maji yetu ya chumvi, wanenepe. Kila tone la saruji Fulcrand alilikandamiza kwa kigutu kile. Kamba yake ungeijua hata umefumba macho.

Mchana alikula kibandani, juu ya maji. Chaza, mkate, siagi, na Pikpul baridi, mvinyo mweupe mkali wa kwetu, kutoka kwa binamu yake kule Pinet, kwenye mizabibu inayolitazama ziwa. Ukimletea limau anakufukuza.

"Limau la nini, shemeji? Limau limo kwenye chupa!"

Pai ya pweza aliikubali pia. Ukiunywa mvinyo ule na nyama, anakutazama kama umekufuru. Na kabla hajaonja, funda la kwanza alilimimina kwenye tundu la sakafu, liende ziwani. "Mwenye nyumba hutangulia," alisema.

Alikufa Januari, kitandani. Nilimvisha mimi mwenyewe, nikaona jeneza likifunikwa.

Kiangazi kile yakaja maji mabaya. Upepo ulikufa, ziwa likawa jeupe kama maziwa, likanuka mayai viza. Kamba za watu zilipanda na chaza midomo wazi, wote maiti. Aubin, mwana wa Léocadie, alifurahi kidogo. Nilimwona.

"Mama, yamekwisha. Na wetu wakiwa wamekufa, tunauza kila kitu, nyumba na yote, unakuja kukaa kwangu Montpellier."

"Ghorofa ya saba?"

"Kuna lifti, mama."

"Hata jeneza lina mlango. Vuta kamba kwanza."

Akavuta. Chaza hai, wamejifumba kama ngumi. Na chini yao wadogo wapya, ambao hakuna kati yetu aliyewabandika. Léocadie akagusa saruji. Ilikuwa laini bado, na kila tone lilikuwa na alama ya gumba nusu.

"Kuna mtu anatutania," Aubin alisema.

"Nani mwingine ana kidole hicho, mwanangu?"

Tukaingia kibandani. Ilikuwa adhuhuri, jua la kuchoma, nami meno yananigongana. Léocadie akafungua chaza, akazibua Pikpul. Tangu maziko hakuna aliyekuwa amemimina lile funda la kwanza. Akalimimina.

Hatukusikia mvinyo ukidondoka majini. Tulisikia koo likimeza.

Aubin aliinuka akaenda zake, na habari ya kuuza hakuitaja tena. Léocadie alikula chaza wake wote, taratibu.

"Yeye hajaacha kazi," akaniambia. "Mimi nihamie wapi, dada?"

Akabaki. Amekufa mwaka huu baada ya Pasaka, nyumbani kwake, dirisha wazi kuelekea ziwani, kama alivyotaka. Wiki iliyopita nikaomba nivutiwe kamba yao. Saruji mbichi. Gumba nusu, na kando yake gumba dogo jembamba lenye kovu la kisu, ninalolijua tangu utoto wetu. Kando ya hilo wameacha nafasi, kama ya mtu wa tatu.

Mimi siendi popote. Basi wewe uliyesoma haya bila kunilipa, njoo Bouzigues, adhuhuri. Lete Pikpul, iwe baridi, na limau uliache kwenu. Funda la kwanza utamimina wewe. Mimi nitakaa mlangoni nimeziba masikio. Ukisikia jina langu likiitwa kule chini, uwajibu kwa sauti kubwa: Zélie bado ana kazi.